Sydney Ringer: Daktari aliyeonyesha kwa nini potasiamu ikizidi moyo husimama

Msikilizaji wetu aliyewahi kulazwa na kutundikiwa maji, au aliyekaa karibu na kitanda cha mtoto mwenye kuharisha, huenda amesoma maandishi kwenye mfuko wa dripu: Ringer's Lactate. Wauguzi wengi hulifupisha jina hilo, wengine husema tu "Ringer". Wachache hujua kwamba Ringer alikuwa mtu, daktari wa London aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Tumeamua kumweleza leo kwa sababu ya maswali mengi tunayoulizwa baada ya vipindi vyetu vya afya kuhusu wagonjwa wa figo. Mgonjwa anaambiwa potasiamu imepanda kwenye damu, anakatazwa ndizi na maharage, anaandikiwa unga wa kukoroga na maji, na hakuna aliyemfafanulia potasiamu inamdhuru vipi. Maisha ya Ringer yanalijibu swali hilo vizuri kuliko maelezo mengi ya kitabuni.

Mtoto wa Norwich

Sydney Ringer alizaliwa mwaka 1835 katika mji wa Norwich, mashariki mwa Uingereza, katika familia ya wafanyabiashara wacha Mungu. Baba yake alifariki wakati Sydney bado mdogo. Ndugu zake wawili walifuata njia ya biashara na kwenda mbali: John alifanya biashara Shanghai nchini China, na Frederick akawa mfanyabiashara mkubwa Nagasaki nchini Japani, ambako nyumba yake imehifadhiwa hadi leo.

Sydney alichagua udaktari. Alianza kama mwanafunzi chini ya daktari wa mji wao, kisha mwaka 1854 akaingia University College ya London. Mwaka 1863 alipata shahada ya udaktari, na mwaka huo huo akawa daktari msaidizi katika hospitali ya chuo hicho. Hakuhama tena. Alitibu, alifundisha na kufanya utafiti mahali hapo hapo mpaka alipostaafu mwaka 1900.

Wakati wake, kazi ya mganga ilitegemea sana macho, masikio na mkono. Ringer alikuwa miongoni mwa madaktari wa mwanzo Uingereza waliotumia kipimajoto kwa bidii kando ya kitanda. Mwaka 1865 alichapisha kitabu kidogo kuhusu joto la mwili na namna linavyosaidia kuutambua ugonjwa wa kifua kikuu. Mwaka 1869 akatoa kitabu kikubwa cha matumizi ya dawa, ambacho kilichapishwa mara 13 na kumpa jina kubwa kwa madaktari wa nchi nyingi.

Waliomfahamu walimweleza kama mtu wa haya, asiyependa makundi, lakini mwenye kushika saa. Alifika maabara asubuhi kabla ya kuwaona wagonjwa na kurudi huko baada ya kazi ya wodi. Hakuwa mtafiti wa kuajiriwa. Utafiti aliufanya katika saa alizobakiza kwenye siku yake.

Moyo wa chura na maji ya bomba

Ringer alitaka kujua jambo moja: ni kitu gani ndani ya damu kinachoufanya moyo uendelee kupiga?

Alitumia moyo wa chura. Moyo wa chura ukitolewa mwilini unaweza kuendelea kudunda kwa muda mrefu ukipewa maji yanayofaa. Ringer aliupitishia maji ya chumvi ya kawaida, kisha akaongeza kitu kimoja kimoja kilichomo kwenye damu na kutazama mapigo yanabadilika vipi.

Mwaka 1882 aliandika matokeo yake ya kwanza. Alikuwa ameona kwamba moyo ulidunda vizuri kwa muda mrefu katika maji ambayo yeye aliamini yana chumvi ya mezani tu pamoja na potasiamu kidogo. Baadaye mambo yakabadilika. Maji mapya yalipotengenezwa, moyo ulilegea na kusimama baada ya muda mfupi. Chumvi ilikuwa ile ile, na kipimo kile kile.

Ringer alichunguza na kugundua kwamba yale maji ya mwanzo hayakuwa maji matupu yaliyotokana na mvuke, kama alivyodhani. Aliyemtengenezea alikuwa amechota maji ya bomba, yaliyoletwa na kampuni ya New River. Mfereji wa New River ulianza kufikisha maji London mwaka 1613, na maji yake yalitoka kwenye chemchemi za eneo lenye mawe ya chokaa. Ndiyo kusema yalikuwa na kalsiamu.

Wapo ambao wangekaa kimya. Ringer mwaka 1883 alichapisha taarifa nyingine, akaeleza wazi kwamba hitimisho lake la kwanza halikuwa sahihi, na kosa lilitoka wapi. Kisha akaonyesha alichojifunza: bila kalsiamu moyo hauwezi kujikaza. Chokaa kidogo iliyoyeyuka katika maji ya bomba ndiyo iliyokuwa ikiushikilia moyo wa chura usilale.

Alikwenda mbele zaidi. Alionyesha kwamba samaki wadogo wakiwekwa katika maji yasiyo na chumvi yoyote hufa mapema kuliko wakiwa katika maji ya bomba. Kwa hiyo haukuwa moyo peke yake. Kiumbe mzima anahitaji madini haya kwa kipimo chake.

Potasiamu ilipozidi

Hapa ndipo tunapokutana na mgonjwa wetu wa leo.

Katika majaribio hayo Ringer aliona kwamba kalsiamu ikiwa peke yake, moyo hujikaza na kuchelewa kulegea, kama ngumi isiyotaka kufunguka. Akiongeza potasiamu kidogo, moyo hulegea vizuri baada ya kila pigo na mdundo hurudi sawa. Lakini potasiamu ikizidi, mapigo hudhoofika, hupungua, na mwisho moyo husimama ukiwa umelegea, bila nguvu ya kujikaza tena.

Madini haya mawili, basi, yanavutana. Kalsiamu huukaza moyo, potasiamu huulegeza, na uhai umo katika kipimo baina yake. Ringer alionyesha pia kwamba madhara ya potasiamu iliyozidi yanaweza kupunguzwa kwa kuongeza kalsiamu.

Ugunduzi huo haukubaki kwa vyura. Leo mgonjwa akifikishwa hospitali na potasiamu imepanda kiasi cha kuharibu mapigo ya moyo, dawa ya kwanza anayochomwa kwenye mshipa kwa kawaida ni kalsiamu. Haiondoi potasiamu mwilini. Inaukinga moyo kwa muda mfupi wakati madaktari wanafanya mengine. Kila inapotolewa, somo la mwaka 1883 linatumika.

Jina lake lilivyofika kwenye dripu

Maji ya chumvi yenye sodiamu, potasiamu na kalsiamu kwa kipimo kinachoukaribia ule wa damu yakaitwa maji ya Ringer. Wataalamu wengine wakayarekebisha ili yafae wanyama wenye damu moto na binadamu. Katika miaka ya 1930, daktari wa watoto wa Marekani, Alexis Hartmann, aliongeza lakteti ili kusaidia watoto ambao damu yao imekuwa na asidi nyingi. Hiyo ndiyo Ringer's Lactate tunayoiona leo. Kila lita yake ina milimoli 4 au 5 hivi za potasiamu, kiwango kinacholingana na cha damu ya mtu mzima mwenye afya.

Si kila alilofanya lilisifiwa

Tusimchore kama malaika. Mwaka huo huo wa 1883, Ringer na mwenzake William Murrell waliandika kwamba waliwapa wagonjwa wa hospitali chumvi iitwayo nitriti ya sodiamu ili kuona athari zake, na baadhi yao wakaumwa. Magazeti yalikasirika. Watu waliuliza kama maskini anayekuja kutafuta tiba anaweza kufanyiwa majaribio asiyoyajua. Siku hizi sheria za utafiti zinataka mgonjwa aelezwe na akubali kwanza. Msikilizaji wetu akiombwa kushiriki utafiti wowote, ana haki ya kuuliza na haki ya kukataa.

Mazishi ya Lastingham

Ringer alimwoa Ann Darley wa Yorkshire mwaka 1867. Walipata mabinti wawili, na mmoja, Annie, alifariki akiwa bado mtoto. Kijijini Lastingham, Yorkshire, kuna kanisa la kale lililojengwa juu ya chumba cha chini cha ibada kilichochimbwa karne ya 11. Ringer aligharimia ukarabati wa kanisa hilo, uliofanyika mwaka 1879, kwa kumbukumbu ya binti yake.

Mwaka 1885 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa ya wanasayansi wa Uingereza. Baada ya kustaafu alirudi Lastingham, akafariki tarehe 14 Oktoba 1910 na kuzikwa huko.

Potasiamu hupandaje kwa mtu wa leo?

Potasiamu tunaila kila siku. Imo katika ndizi, viazi, maharage, nyanya, parachichi, mboga za majani na madafu. Kwa mwenye figo nzima hakuna tatizo, kwa kuwa figo huitoa ya ziada kwa mkojo. Kiwango cha kawaida katika damu ni kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita. Ikipita 5.5 madaktari huanza kuchukua hatua, na ikipita 6.5 ni hatari inayohitaji hospitali mara moja.

Hupanda hasa figo zinaposhindwa kazi, mara nyingi kwa sababu ya kisukari au shinikizo la damu la miaka mingi. Zipo pia dawa zinazoipandisha: enalapril, losartan, spironolactone, hata septrin na dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen. Dawa kama enalapril na losartan ni nzuri kwa moyo na figo, kwa hiyo mgonjwa asiziache mwenyewe. Aulize kwanza.

Ubaya wa hali hii ni ukimya wake. Wengi hawahisi chochote. Wengine huhisi misuli kukosa nguvu, ganzi, au moyo kwenda ovyo. Wakati mwingine dalili ya kwanza ni moyo kusimama. Ndiyo maana kipimo cha damu na kipimo cha umeme wa moyo ni muhimu kwa mgonjwa wa figo hata akijisikia mzima.

Jambo moja la kujua: damu ikichukuliwa kwa shida au ikitikiswa sana njiani, chembe zake hupasuka na kumwaga potasiamu, na majibu huonyesha kiwango cha juu kisicho cha kweli. Mhudumu akisema kipimo kirudiwe, hana nia ya kumsumbua mtu.

Unga unaonasa potasiamu

Sasa tuje kwenye ule unga. Ni dawa ya kunasa potasiamu, na hutolewa kwa cheti cha daktari tu. Haifanyi kazi ndani ya damu. Mgonjwa huunywa, nao hupita tumboni hadi kwenye utumbo bila kuingia mwilini. Humo hukamata potasiamu na kuachia madini mengine badala yake. Potasiamu iliyonaswa hutoka kwa njia ya choo.

Dawa ya zamani ya kundi hili inaitwa sodium polystyrene sulfonate. Imetumika tangu miaka ya 1950. Husaidia, lakini inaweza kufunga choo, na kwa wachache imejeruhi utumbo vibaya, hasa kwa mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo au ambaye choo chake kimeziba. Dawa mpya ni mbili. Patiromer iliidhinishwa Marekani mwaka 2015, na sodium zirconium cyclosilicate mwaka 2018. Ya kwanza huachia kalsiamu na kuchukua potasiamu. Hayo ni madini yale yale mawili ambayo Ringer aliyatazama yakivutana katika moyo wa chura. Ya pili huachia sodiamu, kwa hiyo baadhi ya wagonjwa huvimba miguu.

Faida kubwa ya dawa hizi ni kwamba mgonjwa wa moyo au figo anaweza kuendelea na dawa zinazomlinda, kama losartan, ambazo vinginevyo angelazimika kupunguziwa au kuachishwa. Lakini kuna mambo ya kuzingatia:

• Unga huu si dawa ya dharura. Unachukua saa kadhaa, pengine siku, kushusha potasiamu. Mwenye kiwango cha hatari huhitaji kalsiamu, insulini pamoja na sukari, au mashine ya kusafisha damu, na vyote hivyo viko hospitali.

• Usinywe pamoja na dawa nyingine bila kuuliza. Unga unaweza kuzinasa nazo. Patiromer huachanishwa na dawa nyingine kwa saa 3. Kwa zile nyingine, mfamasia akupe muda wake.

• Choo kikifunga, tumbo likijaa na kuuma, au ukiona damu kwenye choo, rudi hospitali haraka.

• Potasiamu inaweza pia kushuka kupita kiasi, nayo huharibu mapigo ya moyo. Kwa hiyo damu hupimwa tena na tena, na kipimo cha unga hubadilishwa na daktari, si na jirani aliyewahi kuutumia.

Dawa mpya ni ghali, na kwa kawaida huulizwa katika hospitali kubwa zenye wataalamu wa figo. Usinunue unga usiojulikana kwa sababu umeambiwa unasafisha figo. Mwulize daktari wako ni dawa gani ipo, inagharimu kiasi gani, na kama bima inailipia.

Jikoni

Mengine yanawezekana nyumbani. Viazi na ndizi za kupika vikimenywa, vikakatwa vipande vidogo, vikachemshwa kwa maji mengi na maji hayo kumwagwa, hupoteza sehemu ya potasiamu. Mchuzi wa maji yale yale huirudisha. Chumvi zinazouzwa kwa jina la chumvi yenye sodiamu kidogo mara nyingi zina potasiamu badala yake, na hazimfai mgonjwa huyu. Vivyo hivyo maji ya majivu ambayo baadhi ya jamii zetu hulainishia mboga na maharage, kwani majivu ya mimea yana potasiamu nyingi. Mama anayempikia mgonjwa ayajue haya kabla ya kulaumiwa kwamba chakula chake ndicho kibaya.

Lakini asiyekuwa na tatizo la figo asiogope ndizi wala madafu. Chakula chenye potasiamu ni kizuri kwa mtu mwenye figo zinazofanya kazi, tena husaidia shinikizo la damu.

Tunachobaki nacho

Ringer hakuziona dawa hizi, na hakuwahi kupima potasiamu ya mgonjwa kwa dakika chache kama maabara za leo. Alichotuachia ni kipimo: kitu kile kile kinachouweka moyo hai kinaweza kuusimamisha kikizidi.

Kwa msikilizaji wetu mwenye ugonjwa wa figo, kisukari cha muda mrefu, au anayetumia dawa za moyo, tunashauri swali moja katika kliniki ijayo: potasiamu yangu ni ngapi, na itapimwa tena lini? Andika jibu kwenye daftari lako la kliniki pamoja na tarehe. Ukipelekwa hospitali nyingine usiku, namba hiyo itamsaidia daktari asiyekufahamu.